Bahasha ya Picha: Mwongozo kwa Anayekwenda Kuchukuliwa Kinyama kwa Sindano Kampala

Daktari akikuambia "tutakuchoma sindano kwenye uvimbe", anza kwa kulielewa neno sindano. Kwa Kiganda ni empiso, neno lile lile la sindano ya malaria. Kwa Kiswahili mambo ni hayo hayo: sindano ni dawa inayoingia mwilini. Nimewahi kukaa benchi moja na mama aliyetoka chumbani akishukuru kwamba ameshachomwa, sasa uvimbe wa titi utayeyuka. Alikuwa anafunga mizigo arudi kijijini. Muuguzi alimkimbilia mlangoni: "Maama, ile haikuwa dawa. Tumechukua kinyama kwenda kukipima. Lazima urudi kuchukua majibu."

Sindano hii haiweki kitu, inatoa. Na ili itoe mahali panapotakiwa huongozwa na picha, mara nyingi za aina mbili au zaidi. Mwongozo huu ni kwa mgonjwa na anayemsindikiza, awe ametoka Kawempe, Arua au amevuka mpaka kutoka Goma, ambaye amepewa tarehe ya kuchukuliwa kinyama Kampala.

Kwa nini kinyama, na kwa nini picha zaidi ya moja

Picha huonyesha kwamba kuna uvimbe, uko wapi na una ukubwa gani. Mara nyingi haiwezi kusema kwa uhakika uvimbe ni wa nini. Doa kwenye pafu linaweza kuwa kansa, linaweza kuwa kifua kikuu. Tezi zilizovimba shingoni zinaweza kuwa limfoma, yaani kansa ya tezi, na zinaweza kuwa kifua kikuu pia. Dawa za ugonjwa mmoja hazitibu mwingine, kwa hiyo mara nyingi ni lazima mtu atazame chembe zenyewe kwa hadubini.

Kampala inalijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1957 Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto aliyevimba pande zote nne za taya. Muda si mrefu akamkuta mtoto mwingine wa namna hiyo Jinja, akampapasa na tumbo: nako kulikuwa na uvimbe. Aliporudi kwenye kumbukumbu za Mulago akaona taya na tumbo vinakwenda pamoja. Aliandika juu yake mwaka 1958, na baadaye wanapatholojia wakaonyesha kwa hadubini kwamba ni limfoma. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoko kwenye kilima hicho hicho cha Mulago, ilianza mwaka 1967 kwa ajili ya watoto hao. Jicho, mkono na hadubini vilisaidiana. Leo mkono umepata mashine, lakini kazi ni ile ile: kuweka ushahidi mmoja juu ya mwingine mpaka ukubaliane.

Picha zinaunganishwa kwa sababu kila mashine ina upofu wake.

*Ultrasaundi* huonyesha mambo yanavyotokea wakati huo huo. Daktari anaiona sindano ikienda, kama mstari mweupe. Haina mionzi na bei yake ni nafuu. Upofu wake ni hewa na mfupa: haioni ndani ya pafu, na gesi ya tumbo huifunga macho.

*CT-skani* hupenya hewa na mfupa, na ikifanywa kwa dawa ya kung'arisha mishipa huonyesha sehemu ya uvimbe iliyo hai na iliyokufa katikati. Upofu wake ni muda: hupiga picha, daktari anasogeza sindano, inapiga tena. Na ina mionzi.

*MRI* huona tezi dume, ubongo na baadhi ya uvimbe wa ini kuliko zote. Lakini ni sumaku kubwa, na sindano ya kawaida ya chuma haiingizwi humo. Ndiyo maana kwa tezi dume MRI hufanya kazi ya ramani, na ultrasaundi ndiyo inayoongoza sindano.

*Mamografia* huona punje ndogo mno za chokaa ndani ya titi ambazo ultrasaundi huzikosa. Kwa msichana au mama kijana, ambaye titi lake ni zito, mara nyingi ultrasaundi huona vizuri zaidi.

Picha mbili zinavyounganishwa

Njia ya kwanza ndiyo ya kawaida zaidi, na haihitaji mashine mpya. Daktari anaiweka CT au MRI yako kwenye kioo kimoja, anafanya ultrasaundi kwenye kioo kingine, na kichwa chake ndicho kinachounganisha. Anatafuta alama: hapa mshipa mkubwa wa ini unagawanyika, uvimbe uko sentimita mbili chini yake, kulia. Kisha anatafuta alama hiyo hiyo kwa ultrasaundi.

Njia ya pili ni ya mashine. Baadhi ya mashine mpya za ultrasaundi huweza kuipokea CT au MRI yako na kuilaza juu ya picha ya moja kwa moja. Kifaa kidogo chenye uga wa sumaku huwekwa karibu na kitanda, na kingine hufungwa kwenye kichwa cha ultrasaundi, ili mashine ijue daktari ameelekea wapi. Akigeuza mkono, picha ya CT nayo inageuka. Usidhani mashine haikosei. CT ulipigwa chali, umevuta pumzi na mikono iko juu. Leo umelala ubavu na unapumua kawaida. Ini huteremka na kupanda kwa sentimita moja, mbili, hata zaidi, kila unapopumua. Kwa hiyo daktari lazima alinganishe alama upya kabla ya kuchoma.

Njia ya tatu ni kupokezana: mgonjwa yuko kwenye meza ya CT, ultrasaundi inaongoza sindano, kisha CT inathibitisha ncha imefika wapi.

Sasa ona jambo ambalo njia zote tatu zinalitegemea: picha ya zamani lazima iwepo chumbani. Si majibu yaliyoandikwa, ni picha zenyewe.

Nalisema kwa uchungu. Nilimsindikiza mama yangu mdogo, uvimbe kwenye ini. Tulitoka Bweyogerere alfajiri, tukakaa kwenye jam ya Jinja Road, tukafika. Daktari akauliza, "Mama, picha ya CT iko wapi?" Mama mdogo akatoa karatasi: "Hii hapa, musawo." Daktari akaisoma, akaikunja polepole. "Karatasi inanieleza alichokiona mwenzangu. Mimi nahitaji kuona mwenyewe." Diski ilikuwa kabatini nyumbani, chini ya vitenge. Kwa ultrasaundi peke yake uvimbe haukuonekana vizuri, ulijificha juu karibu na kiwambo cha kupumulia. Tukapewa tarehe nyingine, wiki mbili mbele. Kosa lilikuwa letu, na wiki hizo mbili hakulala.

Kabla ya siku: fanya haya kwa mpangilio

1. *Kusanya picha zote.* Eksirei, ultrasaundi, CT, MRI, mamografia, hata za mwaka juzi. Ya zamani humwambia daktari kama uvimbe umekua.

2. *Omba diski, na uliza kama ni ya DICOM.* Huo ndio mfumo ambao mashine za hospitali husomeana. Filamu daktari ataitazama kwa macho, ila haiwezi kulazwa juu ya ultrasaundi. Picha uliyoipiga kwa simu ukaituma kwa WhatsApp haifai kuongozea sindano.

3. *Jaribu diski kabla ya siku.* Ipeleke kwenye kompyuta yoyote uone kama inafunguka. Nakili kwenye flashi. Weka vyote kwenye bahasha ngumu, na bahasha kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki. Mvua ya Kampala haitoi taarifa.

4. *Pima damu.* Watataka kujua kama damu yako inaganda vizuri. Plateleti zikiwa chini ya 50,000 kwa mikrolita, ambazo kwenye karatasi nyingi huandikwa 50, kwa kawaida huahirisha au huongeza plateleti kwanza. Malaria hushusha plateleti. Ukiwa na homa wiki hiyo, sema. Usiifiche kwa kuogopa kupoteza tarehe.

5. *Taja kila dawa.* Warfarini, klopidogreli, aspirini. Baadhi husimamishwa siku kama tano kabla, lakini aamue daktari aliyekuandikia, maana mwenye valvu ya moyo akiacha mwenyewe anaweza kupata kiharusi. Taja na dawa za mitishamba bila aibu; baadhi yake huzuia damu kuganda. Mwenye kisukari au ugonjwa wa figo aseme mapema, hasa kama atapewa dawa ya kung'arisha mishipa.

6. *Uliza kuhusu kula.* Kwa titi au shingo kwa ganzi ya kawaida, mara nyingi si lazima kufunga. Ukipewa dawa ya usingizi, ni saa sita bila chakula. Watoto wengi hulazwa usingizi, kwa hiyo mzazi aulize mapema.

7. *Uliza bei zote kwa pamoja.* Hospitali nyingi hutoza sindano na picha peke yake, maabara ya patholojia peke yake, na rangi maalumu za kutambua aina ya kansa peke yake. Watu hulipia ya kwanza, kinyama kikakaa maabara kwa kukosa ya pili.

8. *Tafuta mtu wa kukurudisha.* Hupandi bodaboda siku hiyo, hata kama unakaa Bwaise tu hapo chini.

> KISANDUKU: Uvimbe usiochomwa kwa haraka
>
> *Uvimbe wa maji kwenye ini au pafu*, hasa kwa mtu aliyeishi Karamoja au Turkana na mbwa na mifugo. Unaweza kuwa kifuko cha mnyoo tegu wa mbwa. Ukichomwa ovyo, maji yake yanaweza kumwagika, yakaleta mzio wa kuua au yakapanda vifuko vipya tumboni. Ultrasaundi makini itangulie. Kuna namna salama ya kuunyonya kwa sindano, pamoja na dawa ya albendazoli, na hufanywa na aliyeizoea.
>
> *Ini lenye hepatitisi B ya muda mrefu au lililosinyaa.* CT au MRI ya awamu kadhaa ikionyesha uvimbe unang'aa dawa ikiwa kwenye ateri kisha unafifia, mara nyingi hiyo yatosha kuitambua kansa ya ini bila sindano. Uliza: "Je, picha peke yake haitoshi?"
>
> *Korodani.* Haichomwi kupitia ngozi ya mfuko wake. Huendewa kwa upasuaji kupitia kinena.
>
> *Uvimbe wa mishipa ya damu.* Ultrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu itangulie.

Je, sindano hutawanya kansa?

Swali hili liko kila ukumbi wa kungojea, na linastahili jibu la wazi. Kwa titi, hatari hiyo ni ndogo mno na haipaswi kukuzuia. Kwa kansa ya ini, chembe zimewahi kuota kwenye njia ya sindano kwa wagonjwa takriban 2 au 3 katika 100, na hiyo ni sababu mojawapo ya madaktari kutokuichoma kama picha imeshatosha. Kinachowaua watu wetu ni miezi ya kungoja wakiogopa sindano. Mtu anapofariki baada ya kuchomwa, jirani huilaumu sindano, wala hahesabu mwaka mzima uliotangulia.

Ndani ya chumba

Chumba ni baridi na nusu giza. Utaulizwa jina lako na upande wenye uvimbe. Jibu mwenyewe, hata kama umeshaulizwa mara tatu. Jeli ya ubaridi inamwagwa, kichwa cha ultrasaundi kinapita. Daktari anatazama kioo cha kushoto, anarudi cha kulia, anakaa kimya. Kimya hicho si habari mbaya. Analinganisha.

Kisha ganzi: inawasha kama kuumwa na siafu, kwa sekunde kumi hivi. Baada ya hapo utasikia kusukumwa bila maumivu makali. Ataweka alama, atapasua ngozi kidogo sana, ataingiza sindano. Atakuambia namna ya kupumua. *Hapa ndipo unapounganisha picha wewe mwenyewe.* Akisema "toa pumzi, shikilia", shikilia kwa kipimo kile kile kila mara. Ukivuta nyingi mara hii na kidogo mara ijayo, ini limehama na ramani yake imeharibika. Fanyeni mazoezi mara mbili tatu kabla ya kuchoma. Kama lugha yake huielewi, sema kabla hajaanza: "Nieleze kwa Kiswahili." Mwombe akutafutie daktari au muuguzi anayekijua.

Utasikia *tak*. Ni springi ya sindano inayokata kinyama, chembamba kama uzi na kirefu kama punje ya mchele au zaidi. Usishtuke, usijisogeze. Atarudia, mara tatu, nne; kwa tezi dume huwa kumi na mbili au zaidi, pamoja na zile zilizolengwa kwenye doa la MRI. Kurudia si kukosea. Hulenga ukingo wa uvimbe, si katikati, kwa kuwa katikati pengine pamekufa na mfu hana majibu.

Kuna sindano za aina mbili, na ni haki yako kuuliza yako ni ipi. Nyembamba, namba 22 au 25, hunyonya chembe tu. Ya kukata, namba 14 au 18, hutoa kipande. Namba kubwa ndiyo nyembamba. Kwa limfoma na kwa titi, kipande ni bora, maana daktari anahitaji kuona chembe zilivyopangana na kupima vipokezi vya homoni.

Kichupa: dakika zinazoamua yote

Hapa napasisitiza kuliko pengine, kwa sababu kazi nzuri ya sindano huharibikia hapa, na msindikizaji anaweza kuzuia.

Kinyama huingia kwenye formalini ya asilimia 10 mara moja, kwa titi ndani ya saa moja, na formalini iwe kama mara kumi ya ukubwa wa kinyama. Kisiwekwe kwenye maji ya chumvi wala spiriti "kwa muda tu". Kikiharibika, vipimo vya vipokezi vya homoni hudanganya, na mgonjwa anaweza kukosa dawa inayomfaa.

Ila kama kifua kikuu kinashukiwa, kipande kimoja *kisiingie* formalini kabisa. Formalini huua vimelea, na havitaota maabara. Uliza mapema: "Je, mtapima na TB? Basi vichupa ni viwili?"

Hakikisha kwa macho yako:

☐ Jina lako limeandikwa kwenye kichupa chenyewe, si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana.
☐ Upande umeandikwa: kulia au kushoto.
☐ Fomu ya maabara inaeleza picha zilionyesha nini, na siyo neno "uvimbe" tu.
☐ Kama ilikuwa punje za chokaa za titi, vinyama vimepigwa eksirei kuona kwamba punje zimo.
☐ Unajua nani anakipeleka maabara. Ukipewa wewe, kipeleke siku hiyo hiyo, na upewe namba ya kupokelewa.

Baada ya kuchomwa

*Titi na shingo:* bonyeza kwa dakika 10 hadi 15, kisha weka kitu baridi juu ya kitambaa. Kuvilia damu kidogo ni kawaida.

*Ini:* lala ubavu wa kulia, ubaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa. Maumivu kidogo ya bega la kulia hutokea, yakizidi, sema.

*Pafu:* takriban mtu mmoja kati ya wanne au watano huvuja hewa kifuani, wengi kidogo tu, na huisha yenyewe. Wachache huhitaji mrija. Usiondoke kabla ya eksirei ya kuangalia.

*Tezi dume:* damu kwenye mkojo kwa siku chache, na kwenye shahawa kwa wiki kadhaa, isikutishe. Homa ikutishe.

Rudi hospitali usiku huo huo, usingoje asubuhi, ukipata: kupumua kwa shida au kifua kuchoma, kizunguzungu na jasho la baridi, tumbo kukaza, damu isiyokoma, homa na kutetemeka, mkojo kuziba. Usimeze dawa ya malaria ukangoja. Mweleze daktari wa zamu kwamba umechukuliwa kinyama, na ni cha wapi.

Majibu yakija

Uliza yatatoka lini, na uandike jina la kliniki utakayoyapeleka. Yakitoka, usiyasome peke yako getini.

Majibu yakisema "kansa", swali linalofuata ni aina gani na vipimo gani vimebaki. Yakisema "hakuna kansa", usishangilie bado. Yalazwe juu ya picha, kama picha zilivyolazwa juu ya picha. Muulize daktari maneno haya haya: "Majibu haya yanakubaliana na tulichokiona kwenye CT?" Kama picha ilionyesha uvimbe mbaya wenye kingo za kutambaa, na maabara imeona mafuta na ngozi nzuri tu, basi yawezekana sindano ilipita pembeni. Hapo kuchukua kinyama upya, pengine kwa mashine nyingine, si uzembe wa mtu na si kukupotezea fedha. Mama mdogo alichomwa mara mbili. Ya kwanza ilirudi na ini zima lisilo na ugonjwa, daktari aliitazama CT, akatikisa kichwa, akasema, "Hapana, sikufika." Nilimheshimu tangu siku hiyo.

Mwisho, omba vitu viwili vikae kwenye kumbukumbu: namba ya maabara, na ahadi kwamba kipande kilichohifadhiwa kwenye nta hakitupwi. Ukihamia Nairobi au ukitaka mtaalamu mwingine atazame, kipande hicho huombwa kwa barua na kupimwa upya bila wewe kuchomwa tena. Namba hiyo iandike nje ya bahasha, kwa kalamu isiyofutika, chini ya jina lako.